Machu Picchu "imefungwa": kilichofungwa hasa ni nini?

Kila Februari inapokaribia, wanaopanga safari ya Peru huanza kubishana. Mmoja anasema Machu Picchu, yale magofu ya mji wa kale juu ya mlima, imefungwa, kaambiwa na wakala wake. Mwingine anacheka: shemeji yake alikuwa huko huko Februari iliyopita, na picha anazo kwenye simu. Wa tatu anaongeza kwamba mwaka 2023 palifungwa kweli, alisikia redioni. Cha ajabu ni kwamba wote watatu wanasema kweli.

Shida iko kwenye neno lenyewe. Ukisikia mahali pamefungwa, unafikiria mlango mmoja na kufuli moja. Machu Picchu ina makufuli kadhaa, na kila moja lina mshika ufunguo wake: lipo la njia ya miguu, lipo la reli, lipo la idadi ya watu kwa siku, na yapo madogo madogo ndani ya magofu yenyewe. Hufungwa nyakati tofauti, kwa sababu tofauti. Lile la Februari ndilo maarufu kuliko yote, na ndilo linalowazuia watu wachache zaidi.

Mji huo wa Wainka, watu waliotawala nchi hiyo kabla ya Wahispania, umekaa juu ya mgongo wa mlima, mita 2,430 kutoka usawa wa bahari, upande wa milima ya Andes unaoteremkia misitu ya Amazon. Chini kabisa, mto Urubamba unauzungukia kama mkono uliokumbatia kitu. Gari haliwezi kutoka Cusco, mji mkubwa wa eneo hilo, likafika pale. Barabara inaishia njiani, na kuanzia hapo ni treni au miguu mpaka Aguas Calientes, mji mdogo ulio bondeni, ambako mabasi hupanda mlima kwa barabara ya kona kali mpaka kwenye geti. Kumbuka umbo hilo la safari, kwa sababu karibu kila habari ya kufungwa inatokana nalo: mahali pamoja penye kuta imara, na kamba nyembamba tu inayokufikisha hapo.

Majira ya kule ni mawili. Mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Machi, Januari na Februari zikiongoza. Kiangazi ni Mei hadi Septemba, na Aprili na Oktoba huwa katikati, siku moja hivi, siku nyingine vile. Kwa mwaka mzima hunyesha karibu milimita 2,000.

Likizo ya njia

Kinachofungwa Februari yote, kila mwaka, ni Njia ya Inka, ile ya kutembea siku nne. Inaanzia mahali panapoitwa Kilomita 82, jina lililotokana na alama ya reli, na inakwenda kama kilomita 43 kupitia milima hadi Intipunku, yaani Lango la Jua, ambako msafiri huuona mji kwa mara ya kwanza ukiwa chini yake. Katikati kuna kivuko cha Warmiwañusqa, mita 4,215, jina la Kiquechua, lugha ya wenyeji, lenye maana ya mwanamke aliyekufa. Ukishafika juu, unateremka kwa ngazi za mawe, na nyingi ya ngazi hizo ziliwekwa na Wainka wenyewe zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Ngazi hizo ndizo za kuzifikiria. Jiwe lililolowa linateleza, hilo kila mtu analijua. Lakini maji yanapopita kati ya jiwe na jiwe huondoka na udongo ulioyashika, na siku ya pili mtu mwenye mzigo mgongoni akikanyaga pembeni, jiwe linacheza. Siku ya kumi linang'oka. Kwa hiyo mwezi mmoja wanaondolewa watu, na mafundi wanaingia: wanazibua mifereji, wanarudishia mawe mahali pake, wanakata majani yaliyovamia, wanakagua madaraja na maeneo ya kupiga kambi. Februari ilichaguliwa kwa sababu mvua huwa nyingi na watalii huwa wachache. Mimi napenda kuiita likizo, maana wengi huichukulia kama tangazo la hatari, wakadhani siku ikitangazwa kufunguliwa basi na hatari imekwisha.

Njia hiyo inahitaji likizo. Kwa kanuni zake, watu wasiozidi 500 ndio wanaoruhusiwa kuianza kwa siku, na ndani ya hao 500 wamo wapagazi, wapishi na waongozaji, hivyo watalii wenyewe hubaki kama 200. Piga hesabu ya juu kabisa: watu 500 kwa siku, siku 337 za mwaka wa siku 365 ukiitoa Februari. Ni jozi za miguu 168,500 juu ya ngazi zilezile, nyingi zikiwa zimebeba mahema, majiko na mitungi ya gesi.

Hapo ndipo pia palipo na mtego wa vibali. Kibali cha Njia ya Inka hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, hakihamishwi kwa mtu mwingine, na hukipati ukiwa peke yako. Ni lazima upitie kampuni yenye leseni na uongozane na mwongozaji. Vibali vya miezi ya kiangazi huisha miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo yupo mtu anayekwepa Februari kwa kuogopa njia kufungwa, anapanga Juni, anaanza kutafuta kibali mwezi Mei, na anakuta Juni yote imekwisha. Kwake yeye njia imefungwa vilevile, tofauti ni kwamba hakuna aliyetangaza.

Wakala wakati mwingine atakwambia: Februari tukupitishe Salkantay, haifungwi. Ni kweli haifungwi. Njia hiyo inapita chini ya mlima wa theluji wa mita 6,271 na haihusiki na amri ya Njia ya Inka. Lakini mvua haisomi amri. Februari 2020 mlima huohuo wa Salkantay ulishusha mafuriko ya tope na mawe bondeni, upande wa Santa Teresa, na watu walipoteza maisha. Njia isiyo na kufuli inaweza kuwa ni njia ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuifunga.

Mji uliojengwa kwa ajili ya mvua

Sasa jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote katika habari hii. Njia inafungwa, ngazi zinang'oka, mito inafurika, na magofu yenyewe yamekaa wazi katikati ya hayo yote. Kwa nini?

Kwa sababu waliojenga waliijua mvua hiyo. Kuanzia miaka ya 1990, mhandisi wa maji wa Marekani, Kenneth Wright, akishirikiana na mwanaakiolojia wa Peru, Alfredo Valencia Zegarra, aliupima mji huo kwa macho ya fundi bomba. Walihesabu karibu matundu 130 ya kutolea maji yaliyoachwa makusudi ndani ya kuta. Mtalii hupita mbele yake akidhani ni jiwe lililodondoka. Walikuta mfereji wa mita 749 unaoleta maji safi kutoka chemchemi ya mlimani mpaka kwenye chemchemi 16 zilizojengwa kwa mfuatano, kila moja ikimwagia iliyo chini yake. Maji ya kunywa yana njia yake, ya mvua yana njia yake, na hayakutani.

Matuta yale ya ngazi ambayo huonekana kwenye kila picha nayo yana siri. Ukichimba tuta moja (wanaakiolojia wamechimba, wewe usijaribu), juu unakuta udongo wa kupandia, chini yake mchanga uliochanganyika na kokoto, na chini kabisa mawe makubwa. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu yakalisukuma tuta mpaka libomoke. Yanazama, yanachujika, yanatoka taratibu. Hata uwanja mkubwa wa majani katikati ya mji, chini yake kuna tabaka nene la vipande vya mawe, mabaki ya kuchonga kuta, yaliyofukiwa ili uwanja usigeuke bwawa. Wright alikadiria kwamba kama asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi iko chini ya ardhi, mahali ambapo hakuna mtalii anayepiga picha.

Kwa hiyo mvua ya kawaida ya Februari haiufungi mji. Kinachobadilika ni utakachokiona. Asubuhi mawingu hupanda kutoka bondeni na kuufunika mlima wote, ukasimama kwenye tuta la juu ukaona weupe mtupu. Huenda baada ya saa moja yakafunguka. Huenda yasifunguke. Zamani mtu aliweza kukaa akasubiri. Siku hizi tiketi ina saa yake ya kuingia, unafuata mkondo mmoja kwenda mbele, na ukishatoka hurudi ndani. Hata choo kiko nje ya geti. Anayekwenda msimu wa mvua, nadhani ni heri akate tiketi ya saa tatu au saa nne asubuhi kuliko ile ya saa 12 alfajiri ambayo kila mtu anaigombania. Alfajiri ya Julai ni dhahabu. Ya Februari mara nyingi ni maziwa.

Kamba inapokatika

Kufuli linalofunga kweli, likawafungia nje wote bila kubagua, ni la reli.

Januari 2010 mvua ilinyesha mfululizo, mto ukapanda na kuila reli mahali pengi. Watu wapatao 4,000, wengi wao watalii, walinasa Aguas Calientes bila treni ya kuwatoa, chakula kikapanda bei, wengine wakalala kwenye mabehewa na viwanjani. Ilibidi watolewe kwa helikopta, kundi baada ya kundi. Mahali pakabaki pamefungwa mpaka Aprili 1 mwaka huo. Na magofu? Hayakupata dhara. Kuta na matuta vilikaa palepale huku reli ya chuma ya karne ya 20 ikining'inia juu ya maji.

Tangu hapo, na hata kabla, kampuni za treni huuchukulia msimu wa mvua kwa tahadhari. Kuanzia Januari hadi Aprili, abiria wa Cusco kwa kawaida hupakiwa kwanza kwenye basi mpaka Ollantaytambo, mji ulio njiani kwenye reli, ndipo wapande treni. Tiketi itasema treni, na asubuhi utajikuta kwenye basi, hujatapeliwa. Ila saa ya kuondoka huwa ya mapema zaidi, na mtu asiyelijua hilo hukosa basi akiwa anasubiri stesheni nyingine.

Reli hiyo hiyo ina adui mwingine ambaye hana msimu. Desemba 2022 rais wa Peru, Pedro Castillo, aliondolewa madarakani, maandamano yakaenea kusini mwa nchi, reli ikaharibiwa, na Januari 21, 2023 serikali ikatangaza kuifunga Machu Picchu kwa usalama wa wageni na wafanyakazi. Ilifunguliwa tena Februari 15. Angalia tarehe hizo: zimeangukia katikati ya mvua, wakati Njia ya Inka nayo iko kwenye likizo yake. Aliyesikia habari kwa mbali aliunganisha mambo mawili yasiyohusiana, na ndivyo uvumi wa "Februari pamefungwa" ulivyopata nguvu mpya. Mwaka uliofuata, Januari 2024, wakazi wa Aguas Calientes walizuia treni kwa siku kadhaa wakipinga uuzaji wa tiketi kukabidhiwa kampuni binafsi. Magofu yalikuwa wazi. Kufika ndiko kulikuwa kazi.

Kufungwa kwa muda mrefu zaidi katika miaka ya karibuni kulikuwa kwa korona, kuanzia Machi 2020 hadi Novemba 1, 2020. Kijana mmoja wa Japani alikuwa amefika Aguas Calientes na tiketi mkononi siku mambo yanasimama. Akabaki hapo. Miezi saba alikaa bondeni akiutazama mlima, hadi Oktoba mamlaka za Peru zikamfungulia geti, akaingia karibu peke yake, mji wote wake, kabla ya dunia nzima kuruhusiwa.

Kufuli la kiangazi

Haya ndiyo ambayo watu hawayatarajii. Ukiwauliza waliorudi mikono mitupu, wengi watakwambia walikwenda kiangazi.

Tangu 2024 kikomo cha kawaida ni watu 4,500 kwa siku, na kwenye tarehe maalumu za msimu wa watalii wengi kinapanda hadi 5,600. Zinasikika nyingi. Lakini Juni, Julai na Agosti ni likizo za Ulaya na Marekani kwa pamoja, Juni 24 kuna sikukuu ya jua, Inti Raymi, mjini Cusco, na mwishoni mwa Julai Waperu wenyewe wana sherehe za taifa na wako mapumzikoni. Tiketi za mtandaoni huisha wiki nyingi kabla. Kuna akiba ya tiketi 1,000 kwa siku zinazouzwa dirishani Aguas Calientes kwa anayefika mwenyewe, ila foleni yake ina masharti yake: unaweza ukapanga leo ukapata ya kesho, au ya keshokutwa, na mzunguko utakaopata ni uliobaki, si unaoutaka.

Nimesema mzunguko, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kuanzia Juni 2024 magofu yamegawanywa mizunguko mitatu, na ndani yake njia ndogo kumi. Mzunguko wa kwanza unakupeleka juu, kwenye tuta la ile picha maarufu. Wa pili unapita katikati ya mji kwa kirefu. Wa tatu unapita sehemu za chini, na ndio unaobeba wapandaji wa Huayna Picchu, ule mlima mkali unaoonekana nyuma kwenye picha. Tiketi moja ni njia moja. Mwenye tiketi ya chini hapandi tuta la juu hata kama yuko mita mia moja tu kutoka hapo, na walinzi hawasikilizi hadithi.

Sasa katika njia hizo kumi, nne hufunguliwa msimu wa watalii wengi tu: ya kwenda Intipunku, ya Daraja la Inka, ya Pango Kuu na ya Huchuy Picchu. Zinafunguliwa ili kuwatawanya watu wanapozidi. Kwa hiyo mtu wa Februari anakosa Lango la Jua mara mbili: halifikii kutoka nyuma kwa sababu Njia ya Inka imefungwa, na halifikii kutoka ndani kwa sababu njia hiyo haiuzwi. Kwa upande wake mtu wa Julai analiona hilo lango limejaa, ila kwanza apate tiketi.

Kisha kuna vile vipande vya ndani. Septemba 2023 Hekalu la Jua, Hekalu la Kondori na jiwe la Intihuatana vilifungwa kwa muda, kwa sababu mawe yalikuwa yamelika. Si kwa mvua. Kwa miguu na mikono ya wageni. Intihuatana lilikwisha onja ubaya wa binadamu mwaka 2000, pale kreni iliyokuwa ikitumika kupiga tangazo la bia ilipoliangukia na kuvunja kipande chake. Sehemu za namna hii zinaweza kufunguliwa kwa saa chache au kufungwa kabisa huku geti kuu likiwa wazi, na tiketi yako haitarudishiwa fedha kwa sababu hukulifikia jiwe fulani.

Kwa hiyo swali la "pamefungwa?" ni bora livunjwe vipande unapompigia wakala. Njia gani ya miguu, na kibali kiko kwa jina langu? Treni inaanzia stesheni gani mwezi huo, na kama reli ikikatika nani anagharamia hoteli? Tiketi ni ya mzunguko upi, na jina limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti niliyonayo sasa, si ile ya zamani? Getini wanataka pasipoti yenyewe, halisi. Mgeni mtu mzima amekuwa akilipa soli (fedha za Peru) 152 kwa tiketi ya kawaida, na soli 200 akitaka kupanda Huayna Picchu. Wakala anayekutajia mara tatu ya hapo na aeleze kilichoongezeka.

Mimi nikiulizwa, asiyetaka kutembea siku nne ningempeleka Aprili. Mvua inakuwa imechoka, matuta bado ni mabichi kijani, na umati wa Juni haujafika. Anayeitaka Njia ya Inka yenyewe ningemwambia Mei, na ningemwambia aanze kutafuta kibali kabla hajanunua hata viatu. Februari siiogopi kwa mtu mwenye koti zuri la mvua, siku moja ya akiba kwenye ratiba, na moyo wa kuukubali ukungu.

Machi 1 geti la Kilomita 82 hufunguliwa, na kundi la kwanza linaonyesha pasipoti na kuvuka daraja la mto. Mvua, kwa kawaida, inakuwa bado inanyesha.